Chira ya Wabengali na pepeta za Pemba: ni ndugu au majirani tu?

SWALI: Nafanya kazi Muscat na mwenzangu wa ofisini ni Mbangladeshi. Ramadhani iliyopita alituletea bakuli la futari: mchele bapa uliolowekwa, mtindi, ndizi mbivu na sukari guru. Anaiita chira. Nilipoonja tu nikamkumbuka bibi yangu wa Wete na pepeta zake. Mwenzangu anasema chira ni urithi wa Wabengali tangu na tangu, mimi namwambia huo ni mpunga wa kubonda, nasi tunao kwetu. Je, asili yake ni moja? Na kwa nini wenzetu hawa wanaithamini hivyo, na hali ni mchele tu uliopondwa? – Msomaji, Muscat

JIBU: Dada yangu, ubishi huo mnaweza kuumaliza bila mmoja wenu kushindwa. Pepeta ni zenu na chira ni yao. Kilichokuchanganya ni kwamba zote mbili hupita njia moja, moto kwanza kisha mchi, ndiyo maana ulimi wako ukazitambua. Lakini mpunga wenyewe si wa umri mmoja, na haja iliyowafanya watu waupige si moja.

Tuanze na punje. Ukichukua mpunga mkavu ukautwanga, unakoboka. Ukizidisha, unapata chenga. Hautakuwa bapa hata utwange mpaka kesho. Ili punje ibonyee badala ya kukatika, wanga ulio ndani yake sharti ulainike kwanza, na wanga haulainiki mpaka maji na joto vikutane. Bibi yako alikuwa na maji hayo bure: mpunga wa pepeta huvunwa ungali mchanga, kabla haujakauka shambani, kwa hiyo punje inaingia chunguni na unyevu wake. Ukiukaanga na kuutia kinuni ungali moto, unalala wenyewe. Ndiyo maana pepeta zina msimu. Ukichelewa kuvuna, mpunga umeshakuwa mpunga wa kawaida, na pepeta mpaka mwaka ujao.

Mbengali anaanza na mpunga uliokomaa, ukakauka, ukakaa ghalani. Huo umeshapoteza maji, kwa hiyo lazima urudishiwe. Anauloweka usiku kucha au zaidi, wengine wakianza na maji ya moto, kisha anauchuja na kuukaanga katika chungu kipana, huku akikoroga bila kupumzika, mpaka punje chache zianze kupasuka. Hapo hakuna kusubiri. Mpunga ukipoa umekwisha, hautabonyea.

Unamiminwa kwenye dheki. Chombo hiki nakuomba ukitazame vizuri, maana hakifanani na kinu chetu cha kusimama. Ni gogo la mti mgumu, refu kuliko mtu mzima, limelazwa juu ya mhimili kama pembea ya watoto. Upande mmoja umefungwa mchi unaoelekea chini, kwenye shimo lililochongwa na kuzikwa ardhini. Upande wa pili mwanamke anakanyaga kwa mguu, wakati mwingine wawili kwa pamoja, wakiwa wameshika kamba au mwanzi ili wasiyumbe. Wakikanyaga, mchi unapanda. Wakiachia, unaanguka kwa uzito wake. Mwingine amechutama kando ya shimo, na kati ya pigo na pigo anapeleka mkono ndani, anageuza mpunga, anautoa mkono. Akikosea mwendo, vidole vimekwenda. Kwa hiyo wanaokanyaga na anayegeuza lazima wawe wamezoeana, na mwendo wa mguu ndio unaowaongoza wote. Nyuma yao kuna anayekaanga fungu linalofuata, kwa sababu shimo likiwa tupu na chungu kikiwa tayari, moto unapotea bure.

Kisha ungo. Makapi yanapeperushwa, pumba zinapukutika, zinabaki punje bapa zenye kingo zilizochanika kidogo na harufu ya kukaangwa. Chakula hicho kimeshaiva. Ukikihifadhi mahali pakavu kinakaa miezi, na siku ya kukila hutaki jiko.

Hapo ndipo tofauti ilipo kati yako na mwenzako. Pepeta ni tunu ya kuukaribisha mpunga mpya, zinaliwa siku zile zile zikiwa laini. Chira ni akiba. Ukitafuta ndugu wa damu wa pepeta, usiende Dhaka, nenda Hanoi, wanakotengeneza cốm ya mpunga mchanga wa kijani na kuifunga kwenye majani ya yungiyungi. Au nenda Kambodia, wanakobonda ambok wakati wa sikukuu ya maji mwezi wa Novemba na kuila kwa ndizi na maji ya nazi, au Ufilipino kwenye pinipig. Popote palipo na mpunga, kaango na kinu, watu wamelifikia jambo hili, na mimi sioni sababu ya kutafuta jahazi lililolibeba kutoka kwa hawa kwenda kwa wale. Ndugu wa chira wako karibu nayo zaidi: chiura ya Nepal, chura ya Bihar inayoliwa kwa mtindi katikati ya Januari siku ya sikukuu ya Makar Sankranti, sira ya Assam wakati wa sikukuu ya Bihu, na pauwa ya Wagujarati. Hiyo ya mwisho unaijua hata kama hujui kwamba unaijua. Ile chevda ya kwenye maduka ya Wahindi Mombasa na Dar es Salaam, yenye karanga, zabibu kavu na majani ya mchuzi, vile vipande vyepesi vinavyovunjika mdomoni mara nyingi ni mchele bapa huo huo, umekaangwa. Kama pwani yetu imepokea kitu katika ukoo huu kupitia Bahari ya Hindi, ni chevda. Pepeta ni habari nyingine.

Sasa lile swali lako la pili, kwamba ni mchele tu uliopondwa. Kwa Mbengali wa zamani haukuwa mchele tu, na sababu moja ni ya dini.

Katika jamii ya Kihindu ya Bengal, nchi ya Wabengali ambayo leo imegawanyika kati ya India na Bangladesh, wali uliochemshwa ulikuwa na masharti makali: nani ameupika, kwa maji ya nani, na nani anaruhusiwa kuula. Brahmin, mtu wa tabaka la juu la makuhani, hangekula wali wa nyumba ya mtu wa tabaka la chini. Lakini mtu huyo wa tabaka la chini naye ana harusi, ana matanga, na anataka kumkirimu Brahmin. Chira ikawa ndiyo mlango. Si wali wa kuchemshwa, haikupikwa na mwenyeji, inalowekwa tu mbele ya mgeni na kutiwa mtindi, ndizi na sukari guru. Mlo huo una jina lake, phalar, na katika karamu za vijijini mgeni wa heshima aliandaliwa huo. Mimi naona hili ni muhimu kuliko sifa zote za ladha. Chakula kilichoweza kuliwa na watu ambao hawakuruhusiwa kula pamoja kilikuwa na kazi ambayo wali mweupe, pamoja na hadhi yake yote, haukuiweza.

Na kipo kisa kinachokumbukwa mpaka leo. Mwanzoni mwa karne ya 16, mahubiri ya mtawa Chaitanya yalikuwa yamewasha moto wa ibada ya mungu Krishna katika Bengal nzima. Kijana mmoja, Raghunath Das, mtoto wa tajiri wa Saptagram, alikwenda kumtembelea Nityananda, sahaba mkubwa wa Chaitanya, pale Panihati, kando ya mto kaskazini ya mahali ilipo Kolkata sasa. Kijana akasimama kwa mbali kwa haya. Nityananda akamwita mwizi, kwa mzaha, na akampa adhabu: walishe wafuasi wangu wote chira na mtindi.

Habari zikaenea. Kitabu cha maisha ya Chaitanya alichoandika Krishnadas Kaviraj, Chaitanya Charitamrita, kinaeleza karamu hiyo kama mtu aliyehesabu vyungu. Chira ililowekwa kwenye maziwa ya moto, ikagawanywa sehemu mbili: moja ikachanganywa na mtindi, sukari na ndizi, nyingine na maziwa yaliyochemshwa mpaka yakawa mazito, pamoja na ndizi, samli na kafuri. Kila mtu akapewa vyungu viwili, kimoja cha kila aina. Watu wakajaa chini ya mti, wakajaa ukingoni, na waliokosa mahali wakaingia mtoni na vyungu vyao, wakala wamesimama majini. Wachuuzi waliposikia wakaja na chira, mtindi na ndizi zao kuuza. Raghunath akanunua kila kitu, akawalipa, kisha akawalisha wao wenyewe bidhaa zile zile walizouza.

Siku hiyo bado inaadhimishwa Panihati kila mwaka, kati ya Mei na Juni, na bado inaitwa sikukuu ya adhabu. Huo ndio msimu wa joto kali kabla ya mvua za masika yao, wakati ambao mtindi wa baridi na chira ndivyo tumbo linavyotaka.

Katika kisa cha zamani zaidi, cha Bhagavata Purana, rafiki maskini wa Krishna anayejulikana kwa jina la Sudama anakwenda kumwona mwenzake aliyekuwa mfalme huko Dwarka. Mkewe hana zawadi ya kumpa apeleke, anakwenda kuomba kwa majirani konzi nne za mchele bapa, anazifunga kwenye kitambaa kilichochakaa. Sudama anaona haya kuutoa, na Krishna anaupokonya na kutia konzi mdomoni. Kisa hiki ni cha India nzima wala si cha Wabengali peke yao, ila utaona jambo moja: hata huko zamani, mchele bapa ndio uliokuwa zawadi ya asiye na kitu. Na katika usiku wa Lakshmi, mungu wa kike wa utajiri, wa mwezi mpevu baada ya sikukuu ya Durga Puja, nyumba za Wahindu wa Bengal huila pamoja na nazi.

Mwenzako bila shaka ni Mwislamu, kama walivyo wengi wa Bangladesh, na haya ya Panihati huenda hayamhusu sana. Yeye ana chira yake ya futari. Kwao meza ya futari imejaa vya kukaangwa, bajia za dengu na za biringanya, dengu za kukaanga na bisi za mchele. Kwa hiyo wenye matumbo mazito, na watu wazima hasa, hupenda doi-chira, yaani alichokuleteeni, kwa sababu inashuka taratibu na inapoza. Wengine huiacha kwa daku.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho Mhindu wa Kolkata na Mwislamu wa Noakhali wanakijua sawasawa, nacho ni mafuriko. Bangladesh imekaa mahali ambapo Ganges, Brahmaputra na Meghna zinamwagikia baharini. Mwaka 1988, na tena 1998, maji yalifunika zaidi ya nusu ya nchi, na yale ya 1998 yalikaa kwa zaidi ya miezi miwili. Fikiria jikoni. Jiko ni la udongo, limejengwa chini, limeshayeyuka. Kuni ni majani ya mpunga na samadi iliyokaushwa, imelowa. Una gunia la mchele safi juu ya dari na huna namna ya kuula. Jirani yako mwenye debe la chira anakula, kwa maji, kwa sukari guru, au anatafuna hivi hivi.

Kwa sababu hiyo, ukiona picha za misaada ya mafuriko Bangladesh, chira imo. Agosti 2024, maji yalipoizamisha Feni na wilaya za jirani upande wa mashariki, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dhaka walipanga misaada chuoni hapo na watu wakaja na chira, bisi za mchele, sukari guru na maji ya chupa, yakafungwa mafurushi usiku na mchana. Kadhalika mwaka 1971, katika vita vya uhuru, watu wanaokadiriwa kufikia milioni 10 walipovuka mpaka kuingia India kwa miguu, chira na sukari guru vilikuwa chakula cha njiani. Waswahili tunasema maneno matupu hayavunji mfupa. Wabengali wao wanasema maneno hayalainishi chira. Nani asiyejua kwamba kinacholainisha ni maji? Na hapo niongeze langu: anayegawa chira bila maji safi ya kunywa ametoa nusu ya msaada.

Maji yaliyolowekewa chira nayo yana kazi. Bangladesh ni nchi ya kipindupindu na kuhara kwa sababu ya mafuriko yale yale, na wahudumu wa afya wamekuwa wakiwahimiza kina mama wampe mtoto anayeharisha vinywaji vya nyumbani mapema, kabla hajakaukiwa. Maji ya chira, yaani chira iliyolowekwa ikavurugwa kwa mkono na kuchujwa, pamoja na chumvi kidogo, yamo katika vinywaji hivyo. Dawa yenyewe ni chumvichumvi za kurudisha maji mwilini, ORS, ambazo Dhaka ni mojawapo ya mahali zilipofanyiwa utafiti mwishoni mwa miaka ya 1960. Ukiwa nazo mpe hizo, na mtoto akilegea au macho yakizama mkimbize hospitali. Maji ya chira ni ya pale kwenye kusubiri.

Neno moja kuhusu hili la urithi. Sasa hivi dheki inawekwa kwenye majumba ya makumbusho na kwenye maonyesho ya mavuno mapya, watu wanapiga picha na mguu juu ya gogo. Chira unayokula wewe imetoka kiwandani: mpunga unalowekwa kwenye tangi, unakaangwa kwenye pipa linalozunguka na kubanwa na magurudumu ya chuma. Ni safi, ni sawa kila kipande, na bei yake ni ya kila mtu. Sina ugomvi nayo. Ila zamani mwanamke maskini wa kijijini, mjane asiye na shamba, alikwenda kukanyaga dheki kwenye nyumba ya mwenye mpunga na kulipwa sehemu ya alichotwanga. Mashine za kukoboa zilipoenea vijijini Bangladesh, hasa miaka ya 1970 na 1980, kazi hiyo ilikufa, na mara nyingi mashine ilikuwa ya mwanamume. Wanaoililia dheki leo wengi hawakuwahi kuikanyaga. Waliokuwa wakiikanyaga walililia ujira.

Sasa uitengeneze mwenyewe, maana naona ndiko unakoelekea. Nenda maduka ya Wabangladeshi pale Ruwi, uombe chira nene. Wauzaji wa Kihindi huiita poha au pauwa. Iko nyembamba pia, lakini hiyo ukiitia kwenye mtindi inageuka uji. Kwa watu wawili chukua vikombe viwili, osha haraka mara mbili kwenye chujio, hasa kama ni ya kupimiwa maana huwa na mchanga, kisha iache na unyevu wake kwa dakika tano hadi kumi. Bonyeza punje moja kwa vidole: ikikubali kupondeka bila kiini kigumu katikati, iko tayari. Ikamue kwa mkono, polepole. Tia mtindi mzito, si laban ambayo ni nyepesi mno, ndizi mbivu mbili za kupondaponda, sukari guru iliyoparuzwa, na chumvi kidogo kabisa ambayo watu husahau na ndiyo inayoamsha utamu. Msimu wa maembe ukifika, embe badala ya ndizi. Tende nazo zinakaa vizuri sana, ingawa mwenzako anaweza kukutazama kwa jicho la pembeni. Iandae karibu na adhana. Ikikaa saa nzima inanyonya mtindi wote na kuwa bonge.

Ile nyembamba usiitupe. Ikaange kavu kwenye kikaango kwa moto mdogo mpaka ianze kuvunjika kwa vidole, itoe, kisha kwenye mafuta kidogo utie karanga, pilipili kavu, majani ya mchuzi na binzari kidogo, uirudishe, uchanganye na chumvi. Wabengali wanaila hivyo na chai ya jioni.

Ukiiona chira nyekundu, ni ya mpunga mwekundu usioondolewa ganda lake la ndani. Ina ladha zaidi na ndiyo ninayoipenda, lakini mafuta ya lile ganda huchacha upesi kwenye joto la huko kwenu. Nunua ya wiki mbili tatu tu, iweke kwenye kopo linalofunga vizuri, na ukifungua ukasikia harufu ya mafuta yaliyolala, hiyo ni ya kuku.